Kikao cha Kumjadili Yeremia

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu ina mawakili wengi wenye nafasi. Ni nchi nzuri tu. Ina katiba, ina mlima, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake za lami, na ina timu ya taifa ya besiboli.

Msiniulize besiboli ilifikaje huko. Haya, nitawaambia, maana najua hamtanyamaza. Mkuu wa nchi alikwenda ughaibuni kuomba mahindi. Akaambiwa mahindi yatafikiriwa, na ili asinung'unike akapelekwa uwanjani kutazama mchezo. Akaona mtu mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, na mwenzake amesimama na rungu anajaribu kuupiga. Akikosa mara tatu anatolewa. Mkuu wa nchi alisimama akapiga makofi. Aliporudi, aliwaambia wananchi waliokuja uwanja wa ndege kutazama kama ameleta mahindi kwamba mchezo huu umeumbwa kwa ajili yao. "Rungu tunalo," alisema. "Polisi wetu wanalitumia kila siku, na hawahitaji nafasi tatu." Watu walicheka sana, kwa kuwa polisi wenyewe walikuwapo.

Timu ikaundwa, ikaitwa Ngurumo ya Taifa. Kwa kuwa hakuna aliyeujua mchezo, kazi ya kuifundisha alipewa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Pantaleo Mkwizu, ambaye kosa lake lilikuwa kuzisoma kanuni mpaka ukurasa wa mwisho. Huyu Kocha Pantaleo ndiye tutakayeandamana naye. Tunapoanza alikuwa mtu mwema, na ninalisema mapema kwa sababu baadaye halitaonekana.

Siku moja, akiwa njiani kwenda msibani, Kocha alimwona kijana mrefu akilinda shamba la mahindi. Kijana alikuwa akiwafukuza ngedere kwa mawe, kwa mkono wa kushoto. Kocha alisimama akatazama hadi wenzake wakazika bila yeye. Kila jiwe lilifika lilikotumwa. Ngedere wenyewe walikwisha kata tamaa. Walikaa mbali wakimsubiri aende kula. Kijana huyo aliitwa Yeremia Chipeta, na Kocha alikwenda kumwomba kwa mama yake kama mtu anayeposa.

Mwaka huo Yeremia alirusha, na wapigaji wa nchi jirani wakapiga hewa. Ngurumo ilifika fainali ya kanda. Ilifungwa na jirani wa ng'ambo ya mto, tena kwa shida, siku ambayo Yeremia alikuwa na malaria na fedha za dawa zilikuwa zimetumika kwenye semina ya malaria. Hata hivyo wananchi walilala barabarani kwa furaha. Walikuwa hawajawahi kuwa wa pili kwa kitu chochote ambacho si ugonjwa.

Msimu ukaisha. Duniani kote, msimu wa besiboli ukiisha, wenye timu hukaa wakapiga hesabu: nani abaki, nani aachwe, nani auzwe, fungu la mishahara ligawanywe vipi. Nchi hiyo nayo ilikaa. Na ninaposema ilikaa, nataka mnielewe vizuri, kwa sababu hakuna taifa lililowahi kukaa kwa bidii kiasi kile.

*

Agizo lilitoka wizarani: nchi inabana matumizi, mishahara ya wachezaji ipunguzwe. Kazi hiyo ilikabidhiwa Kamati ya Usajili na Mishahara, yenye wajumbe tisa, chini ya Mheshimiwa Daktari Gaspari Ngonyoka. Udaktari alitunukiwa na chuo ambacho yeye ndiye aliyekizindulia vyoo.

Kocha Pantaleo aliingizwa kwenye kamati kama mjumbe wa tisa, mtaalamu. Akafurahi. Kwenda kwake kulikuwa na jambo moja tu: Yeremia asiguswe. Jirani wa ng'ambo ya mto walikuwa wanamtaka, na walikuwa tayari kutoa kitita ambacho kingelipa timu nzima misimu miwili.

"Usiwajibu kwanza," Kocha alimwambia Yeremia. "Niachie mimi. Nitakutetea."

"Sawa, Mwalimu," alisema Yeremia. "Ukisema wewe, imetosha."

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye hoteli moja ya mlimani, kwa sababu imegundulika kwamba uamuzi wa kubana matumizi haukomai vizuri kwenye joto la mjini. Kulikuwa na maji ya chupa, sambusa, na pazia zito la kuzuia wananchi wasione sambusa. Mheshimiwa alifungua kikao kwa hotuba. Aliishukuru serikali, akamshukuru Mkuu wa nchi, akamshukuru mwenye hoteli ambaye ni shemeji yake, akajishukuru mwenyewe kwa unyenyekevu. Ilipofika saa ya chai, kikao kikavunjwa kwa muda ili wajumbe watafakari.

Baada ya chai Kocha aliomba nafasi. Aliongea kutoka moyoni. Alisema timu ya besiboli bila mrushaji ni harusi bila bibi arusi. Alisema Yeremia ni mmoja tu, hawafanani wawili, na akaomba mshahara wake usiguswe.

"Mtaalamu ametufungua macho," alisema Mheshimiwa. "Suala hili ni mtambuka. Napendekeza tulipokee, tulitafakari, tulitazame kwa upana na urefu wake, halafu tulirudishe kwenye kikao kijacho likiwa limeiva."

Wajumbe walipiga meza. Kocha alidhani ameshinda.

Ndipo mhazini, Bwana Sefu Mangosongo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alipoinuka kukumbusha jambo la posho. Katika nchi hiyo, kikao kisicho na posho si kikao, ni mazungumzo. Na mazungumzo yanaweza kufanywa na mtu yeyote, hata wanawake kisimani. Sasa posho itoke fungu gani? Kamati haikuwa na fungu. Fungu lililokuwapo ni lile moja walilotumwa kulipunguza, la mishahara ya wachezaji.

Kisha Mheshimiwa akatabasamu kama mtu aliyeteremshiwa jambo kutoka juu. Kama kikao kitamwacha mchezaji mmoja, mshahara wake wa msimu utabaki. Mshahara ukibaki, utalipa posho. Na mishahara nayo itakuwa imepungua, kama wizara ilivyoagiza. Walimchagua mdakaji wa akiba, kijana mpole ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake. Walimwacha kwa kauli moja.

"Mnaona?" alisema Mheshimiwa. "Kikao kimejilipa chenyewe, na serikali haijatoa hata senti."

Bahasha zilipopita, Kocha alisukuma yake mbali.

"Siwezi," alisema. "Hii ni ya yule kijana."

Bwana Mangosongo alimwinamia kwa huruma. "Mwalimu, wewe bado mgeni. Utaratibu wetu ni huu: asiyesaini posho hakuhudhuria. Asiyehudhuria hakusema. Sasa yale maneno yako matamu ya Yeremia, tuyafute?"

Kocha alifikiri. Alimfikiria Yeremia, kwa kweli alimfikiria yeye tu, naapa. Akasaini.

*

Nyumbani, mkewe aliipima bahasha kwa mkono kabla ya kuifungua. Alikuwa mwanamke wa vitendo, Mama Tumsifu, na miaka yote ya ndoa yao alikuwa amekinga mvua kwa masufuria.

"Baba Tumsifu, hela ya nini hii?"

"Ya kikao."

"Mlifanya nini huko?"

"Tuliamua kwamba suala litajadiliwa."

Mama Tumsifu aliitazama bahasha, akayatazama mabati yenye kutu juu ya vichwa vyao. "Litajadiliwa tena lini?" aliuliza.

Lilijadiliwa tena, na tena. Sitawachosha kwa vikao vyote. Kamati yenyewe haikuchoka, inatosha. Kikao cha pili kilijadili iwapo cha kwanza kiliitishwa kihalali, na kikamla mlinzi wa upande wa kulia. Kingine kilijadili rangi ya soksi, kikamla mpigaji mahiri kuliko wote, maana shemeji alikuwa amepandisha bei ya sambusa. Waziri alipolalamika kwamba vikao vimezidi, waliitisha kikao cha kujadili wingi wa vikao. Kwa uzito wa mada walialika wawezeshaji kutoka nje ya kamati, na hicho kililamba wachezaji wawili kwa mpigo.

Katika kila kikao Kocha alisimama akamtetea Yeremia, na katika kila kikao alipongezwa. "Huyu ndiye mzalendo," walisema, wakimpigia meza. Alizoea. Mwanzoni aliongea kwa uchungu, kisha kwa ufasaha, mwishowe akaanza kununua tai. Yeremia alipokuja nyumbani kuuliza habari, akiwa amebeba jogoo kwapani kama ilivyo adabu, Kocha alimwambia suala liko katika hatua nzuri.

"Jirani wamenitumia mtu tena, Mwalimu. Wanauliza niko huru au vipi."

"Waambie bado. Mimi niko pale pale, sijalegea."

"Mama anasema nikushukuru," alisema Yeremia, akamweka jogoo chini.

Walimla jogoo siku hiyo hiyo. Wakati huo Mama Tumsifu alikuwa amekwisha mwita fundi, na fundi amekwisha kuezua paa lote la zamani, kwa kutegemea vikao viwili vitatu vilivyobaki. Mabati mapya ya upande mmoja yalikuwa yamefika. Upande wa pili zilibaki boriti na mbingu, na mawingu yalianza kukusanyika huko kusini.

*

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Jirani walichoka kutuma watu wa kuuliza, wakamtuma mwenye fedha. Alikuwa bwana mmoja mkavu, asiye na maneno mengi, mwenye begi jeusi. Alifika hotelini asubuhi, akaketi kwenye ukumbi wa nje, akasema anataka kumnunua Yeremia Chipeta na amekuja na malipo yote. Lile begi peke yake lingelipa mishahara ya Ngurumo nzima, wakiwamo wote walioachwa, na chenji ingebaki ya sambusa.

Ilikuwa ni habari njema hata kwa Kocha. Hakutaka Yeremia auzwe, lakini alijua hesabu. Akiuzwa, kijana atalipwa vizuri, na timu itafufuka. Alikwenda mkutanoni akiwa mwepesi.

"Tumpokee mgeni," alisema Kocha.

"Subiri, Mwalimu," alisema Mheshimiwa. "Fedha za taifa hazipokelewi vichochoroni. Zinapokelewa kwenye kikao. Mhazini, tunacho kikao?"

Bwana Mangosongo alifungua mikono yake minene. Fungu lilikuwa limekwisha. Wachezaji wote walikuwa wamekwisha achwa, mmoja mmoja, kila mtu na kikao chake. Ulibaki mshahara mmoja tu.

Mtu mwenye akili timamu angesema: pokeeni begi, mtajilipa kutoka humo. Mjumbe mmoja mzee alianza kulisema hilo. Mheshimiwa alimkatiza kwa ukali ambao hakuwahi kuuonyesha. Begi, alisema, ni mapato, na mapato lazima yaende hazina kwanza, huko yatakaa mpaka bajeti ijayo. Posho ni ya leo. Je, kuna mjumbe aliye tayari, kwa uzalendo, kurudi nyumbani leo mikono mitupu? Ajitokeze, tumjue.

Hapa ndipo namkasirikia Kocha Pantaleo, na sitaki kuficha. Wale wengine ni kupe tu, na kupe utamlaumu kwa lipi? Yeye alijua. Alikuwa ndiye mtu pekee katika chumba kile aliyejua mkono wa Yeremia una thamani gani, na kwamba begi liko nje ya mlango, hatua chache, linasubiri kuambiwa ndiyo. Angeweza kusimama akasema, "Mimi hapa, sitaki posho." Angeweza hata kutoka tu akamshika yule bwana mkono. Ngurumo ndogo ilisikika mbali, ile ya mvua, na Kocha akaona boriti zake, na chini ya boriti kitanda, na kando ya kitanda Mama Tumsifu amesimama mikono kiunoni.

"Tunamsikiliza mtaalamu," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Kitaalamu, hali ya mchezaji huyu ikoje?"

Kocha alikohoa. Akarekebisha tai.

"Kitaalamu," alisema, "ule mkono wa kushoto umetumika sana. Bega limechoka. Sidhani kama ana msimu mwingine."

"Unatoa hoja?"

"Natoa hoja aachwe."

Walimpigia meza kuliko siku zote. Yeremia aliachwa kwa kauli moja, bahasha zikapita, kikao kikawa halali. Ndipo mgeni alipokaribishwa kwa heshima zote. Mheshimiwa alimweleza, kwa hotuba isiyo fupi, kwamba taifa liko tayari kumuuza Yeremia Chipeta, hazina ya vijana wetu, almasi ya bonde letu.

"Mshahara wake mnalipa kiasi gani sasa?" aliuliza yule bwana.

"Kwa sasa hatumlipi. Tumemwacha muda si mrefu."

"Mmemwacha? Yaani si mchezaji wenu?"

"Si wetu kabisa," alisema Mheshimiwa kwa fahari. "Tumebana matumizi."

Yule bwana aliwatazama wote tisa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehofia kuna mtego. Kisha alifunga begi, akamaliza chai yake kwa kuwa ameanza, akawashukuru, akatoka. Walimwona kupitia pazia akimsalimia kijana mrefu aliyekuwa amesimama getini tangu asubuhi kusubiri habari. Kocha Pantaleo aliondoka kwa kupitia mlango wa jikoni.

Redioni walitangaza kwamba kamati imeokoa mshahara mzima wa mrushaji. Mama Tumsifu alipata mabati ya upande wa pili, na mvua iliponyesha ilipiga kelele nzuri juu yake. Kocha alilala chini ya paa kavu akasema moyoni kwamba ni mchezo tu, na Yeremia amepata kazi, na ungekuwa wewe ungefanyaje. Aliuliza swali hilo mara nyingi, na nashuku hakuwa akitaka jibu.

*

Msimu mpya ulifunguliwa ng'ambo ya mto, na mechi ya kwanza ilikuwa jirani dhidi ya Ngurumo ya Taifa. Ngurumo haikuwa na mchezaji hata mmoja. Wizara ilipouliza, Mheshimiwa alijibu kwamba besiboli inachezwa na watu tisa, kamati ina watu tisa, na huo hauwezi kuwa mkono wa binadamu. Tena wajumbe walikuwa tayari wanalipwa. Wakashonewa jezi pana na kuvuka mto kwa posho ya safari, ambayo ni nyingine.

Wageni ndio waliotangulia kupiga. Mheshimiwa alisimama na rungu, akahutubia, akakosa mara tatu, akaagiza iandikwe kwamba amejiuzulu nafasi hiyo kwa hiari. Bwana Mangosongo aliusikia mpira ukija akakaa chini. Uwanja mzima ulicheka hadi watu wakashikana mabega, na katika wale waliocheka walikuwamo wananchi wengi waliovuka mto kwa nauli zao wenyewe ili wacheke mahali pasipo na polisi.

Wa tatu alikuwa Kocha Pantaleo.

Alitembea hadi mahali pa mpigaji, akainua rungu, na mbele yake akasimama Yeremia Chipeta katika jezi ya watu wengine, amenenepa kidogo, mkono wa kushoto ukiwa na mpira. Bega lake halikuwa na kasoro yoyote. Yeremia alipomwona, alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alisema Kocha.

Wenzake wawili walikuwa wamerushiwa mipira ambayo macho hayakuiona. Kocha alikaza meno akaisubiri ya kwake, na moyoni aliomba iwe ya kasi kuliko zote, iwe ya hasira, impate hata mbavuni. Yeremia alirusha polepole. Mpira ulikuja laini, wa juu, kama unaomrushia mtoto anayejifunza, na Kocha akapiga hewa.

Wa pili ulikuwa laini zaidi. Kocha akakosa tena. Vicheko vilianza kupungua jukwaani, kwa kuwa watu waliona kuna jambo, ingawa hawakujua ni jambo gani.

Yeremia aliongea na mwamuzi, mwamuzi akakubali kwa kichwa. Kisha akaja mbele, akapunguza nusu ya umbali, akasimama karibu kiasi kwamba Kocha aliona jasho kwenye paji la uso wake. Hakukuwa na kejeli usoni pale, na Kocha aliitafuta sana. Yeremia aliinama kidogo, akaurusha mpira kwa chini, taratibu, kama mtu anayempa mgeni chungwa. Kocha Pantaleo Mkwizu, ambaye alizijua kanuni mpaka ukurasa wa mwisho, alizungusha rungu kwa nguvu zake zote, akakosa. Akayumba, akapiga goti.

Yeremia alikuja akamshika mkono, akamwinua, akampangusa vumbi gotini.

"Pole, Mwalimu," alisema.

"Asante," alisema Kocha, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibu akipewa pole.